Apdeti ya VN inatoka lini? Piga hesabu hivi kabla hujatoa dola tano

Nina kijiwe cha kutengeneza simu hapa Mtwara mjini, na kila mwezi ikifika tarehe 2 au 3 lazima aje mtu na simu mkononi, uso umekunjamana, "Njomba, jamaa kanikata hela tena na apdeti hajatoa." Nimejibu hili swali mpaka mdomo umechoka. Wengine wanauliza apdeti inatoka lini, wengine wanauliza kwa nini mwenzao kashaipata na yeye bado, wengine wamefuta gemu wakapoteza sevu zote, yaani kumbukumbu za pale walipofikia. Nimeamua niandike mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Naongelea VN (visual novel), zile gemu za kusoma hadithi na kuchagua majibu, za watu wazima, ambazo mtengenezaji (developa) anachangiwa na mashabiki kila mwezi huku gemu yenyewe haijaisha, inatoka toleo kwa toleo, na kila toleo jipya ndiyo hiyo apdeti. Kama hujafika miaka 18 ishia hapa hapa, sina maelezo ya ziada kwako.

Na jingine nilimalize mapema. Usiwe yule mtu wa kutupia mafaili na skrinshoti za hizi gemu kwenye magrupu ya WhatsApp. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia, na grupu la timu ya mtaa lina watoto na lina shangazi zako. Cha kwako kibaki kwenye simu yako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kadi inayokubali malipo ya nje, ya benki au ile ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye menyu ya hela za simu. Weka hela ya mwezi mmoja tu humo, usiache salio kubwa.
- Imeli yako mwenyewe ambayo unakumbuka paswedi. Unacheka, ila nusu ya kesi zinazokuja kijiweni ni za imeli iliyofunguliwa na fundi mwingine miaka hiyo.
- Nafasi kwenye simu au kompyuta. Hizi gemu huanza na mamia ya MB, zikikomaa zinavuka GB kadhaa.
- Karatasi na peni. Ndiyo, karatasi.
- Kalenda ya simu.

Hatua ya 1: Jua unalipia nini

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Ukitoa dola tano Patreon, ule mtandao wa kuchangia watengenezaji kila mwezi, hujanunua gemu, umemchangia mtu anayeendelea kutengeneza, na zawadi yako ni kuona alipofikia kabla ya wengine. Mwezi ambao hajatoa kitu bado alikuwa kazini, au anasema alikuwa kazini, na wewe umekatwa. Kickstarter ni habari nyingine, kule unachangia mara moja kwa lengo maalum na lisipofikiwa hukatwi, ila hawapokei ponografia, kwa hiyo gemu nyingi za aina hii utazikuta Patreon, SubscribeStar au itch.io.

Ni kama kumpa mtu hela ya salfa mwezi wa sita ili Oktoba akukumbuke kwenye korosho. Umetoa, mikorosho anapulizia yeye, mvua ikinyesha wakati wa maua mnaumia wote.

Hatua ya 2: Andika tarehe za apdeti tano zilizopita

Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote ni nyongeza, kwa hiyo usiiruke.

Nenda kwenye posti za developa, shuka chini mpaka za zamani, tafuta kila aliposema toleo jipya limetoka. Usiandike tarehe aliyoahidi, andika tarehe aliyotoa. Halafu hesabu siku kati ya moja na nyingine. Ngoja nikupe mfano wa gemu moja niliyowahi kuifuatilia, jina nabaki nalo:

Toleo 0.1 lilitoka 14 Januari. 0.2 likatoka 20 Machi, siku 65. 0.3 likatoka 9 Juni, siku 81. 0.4 likatoka 30 Septemba, siku 113.

Umeona zinavyokwenda? 65, 81, 113. Pengo linakua. Na hii ni kawaida kwa VN kwa sababu mwanzo hadithi ni njia moja, baadaye kila chaguo ulilofanya linataka picha zake na maneno yake, ukimkataa dada yule pale mwanzo basi kila tukio la mbele liandikwe mara mbili, ulimkataa na hukumkataa. Kwa hiyo ukitaka kukisia 0.5 usichukue wastani, chukua pengo la mwisho kama kima cha chini. Siku 113 kutoka 30 Septemba inakupeleka 21 Januari. Ongeza wiki tatu nne za bahati mbaya, andika Februari katikati kwenye kalenda yako na uendelee na maisha.

Huyo developa aliandika Oktoba kwamba 0.5 ingekuwa tayari "kabla ya Krismasi". Ilitoka Februari.

Kama kuna apdeti chini ya tatu huna cha kuhesabu. Subiri, cheza toleo la bure, hela ibaki mfukoni.

Hatua ya 3: Tafsiri maneno ya developa

Wana lugha yao, ukiizoea haikusumbui.

"Hivi karibuni" maana yake hakuna tarehe. "Wiki mbili" maana yake anatamani ziwe wiki mbili. "Robo ya tatu ya mwaka" ni Julai mpaka Septemba na wewe shika tarehe 30 Septemba, usishike 1 Julai. "Ikiwa tayari itatoka" ni jibu la mtu aliyechoka kuulizwa, na mimi ndilo ninaloliamini kuliko yote. "Nimeamua kuunganisha apdeti mbili iwe moja kubwa" maana yake ya kwanza imechelewa. "Naiandika upya kuanzia mwanzo" hapo ndugu yangu kaa mbali na kadi yako, gemu inaweza kukaa mwaka mzima inarudi ilipokuwa, kwa picha nzuri zaidi.

Sisi watu wa Kusini kusubiri hela baada ya mnada wa korosho tunakujua, mtu akisema "wiki ijayo" tunatabasamu. Sasa sijui kwa nini akisema developa wa Ulaya tunaamini.

Hatua ya 4: Soma asilimia zake vizuri

Developa wengi wanatoa ripoti ya maendeleo: maandishi 100%, picha 80%, kodi (maandishi ya programu yanayoendesha gemu) 30%. Kijana anaona 80% anadhani imebaki kidogo. Usisome namba kubwa, soma ndogo kuliko zote, hiyo ndiyo inashika gari zima. Na kodi ikifika 100% bado kuna majaribio, kuna kurekebisha makosa, kuna kutengeneza la Android ambalo mara nyingi linakuja nyuma ya la kompyuta.

Kuhusu picha nikuambie kitu kimoja uelewe mateso yao. Nyingi zinatengenezwa na Daz Studio, programu ya picha za 3D, na kompyuta inapika picha moja moja, kitu wanaita kurenda. Picha moja inaweza kuchukua dakika chache, inaweza kuchukua saa nzima na zaidi, inategemea mwanga, watu waliopo kwenye picha na kadi ya picha ya NVIDIA iliyo kwenye kompyuta yake. Chukua dakika 20 tu kwa picha, apdeti ina picha 300, hizo ni saa 100, mashine inaunguruma siku nne mchana na usiku bila kuzima. Na hapo sijahesabu muda wa kumpanga kila mtu alivyokaa, mkono uko wapi, nywele zimeingia kwenye bega au la, hiyo ndiyo inakula wiki. Wengi wao ni mtu mmoja peke yake, mchana ana kazi nyingine.

Simtetei mtu. Nakuambia tu ujue 80% ya wapi.

Hatua ya 5: Jua unakatwa lini na unapata lini

Kuna kampeni zinazokata tarehe 1 ya kila mwezi, kuna zinazokata tarehe ile ile uliyojiunga. Soma kabla hujabonyeza. Ile ya tarehe 1 ina mtego, unajiunga tarehe 28 unakatwa, tarehe 1 unakatwa tena, siku nne dola kumi. Ukiona ni ya tarehe 1, jiunge tarehe 1 au 2, sio mwisho wa mwezi.

Halafu madaraja. Wa dola 20 anaipata siku ya kwanza, wa dola 10 baada ya siku kadhaa, wa dola 5 baada ya wiki au mbili, wasiolipa wanakuja kuipata baadaye au hawaipati kabisa. Kila developa ana mpango wake na kawaida ameuandika kwenye maelezo ya daraja. Ukimuona rafiki yako wa Masasi anacheza 0.5 na wewe huna, hajakuzidi ujanja, kalipa daraja la juu.

Na saa jamani. Akisema inatoka Ijumaa saa "6 PM" saa za Pasifiki za Marekani, hiyo si saa 6 usiku ya kwetu. Hiyo ni saa 12 jioni kwao, na kwetu ni Jumamosi saa 11 alfajiri. Wakiwa wamesogeza saa zao, yaani kuanzia Machi mpaka Novemba, inakuwa saa 10 alfajiri. Akiwa New York, saa 12 hiyo hiyo ya jioni kwetu ni saa 8 usiku, na ile miezi ya kusogeza ni saa 7. Kuna dogo mmoja wa Shangani alikesha Ijumaa nzima anarifreshi mpaka bando likaisha saa 9 usiku, gemu ikatoka yeye kalala.

Hatua ya 6: Amua mtindo wako wa kulipa

Iko mitatu, na wa kwanza ndio ninaoupenda.

Wa kwanza, unalipa mwezi wa apdeti tu. Unamfuata bure, taarifa zinakuja kwenye imeli, siku akitangaza limetoka unajiunga, unapakua, unakatisha siku hiyo hiyo. Ukikatisha unabaki na ulicholipia mpaka kipindi kiishe, hawakufukuzi hapo hapo. Si wizi wala si ujanja wa mjini, ni mlango walioufungua wenyewe.

Wa pili, unalipa kila mwezi kwa sababu unataka jamaa aendelee. Sawa kabisa, ila piga hesabu ya apdeti nzima na sio ya mwezi. Dola 5 kwa miezi minne ni dola 20, ukichukua shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni 50,000. Jiulize kama ungeitoa 50,000 mara moja kwa kitu cha kusoma jioni mbili. Kama ndiyo, lipa na usilalamike.

Wa tatu, unasubiri iishe kabisa ifike 1.0 halafu unainunua mara moja, nyingi zikiisha zinapelekwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, au zinabaki itch.io. Inataka subira ya mtu anayeotesha minazi.

Mimi mwenyewe nilikuwa mtindo wa pili bila kujua niko mtindo wa pili. Miezi saba, dola 10 kila mwezi, kwa gemu moja ambayo kila mwezi ilikuwa inatoka mwezi ujao. Hiyo ni 175,000. Na ilikuwa hela ya msimu, mzee alinipa baada ya korosho nikanunue mashine ya hewa ya moto ya kijiwe. Apdeti ilipotoka niliimaliza wakati chungu cha ming'oko hakijaiva. Mashine niliinunua mwaka uliofuata.

Hatua ya 7: Weka kumbukumbu ya kalenda

Siku ile ile unayojiunga, fungua kalenda, weka kengele siku tatu kabla ya kukatwa tena, iandike "katisha au acha". Ndiyo yote.

Hatua ya 8: Siku ya apdeti, usifute gemu ya zamani

Kwenye Android ukiifuta gemu kwanza, sevu zinakwenda nayo, na hapo unaanza upya tangu siku mhusika anashuka kwenye basi. Weka jipya juu ya la zamani. Kwenye Windows una ahueni, gemu za Ren'Py (programu inayotumika kutengeneza VN nyingi) zinahifadhi sevu kwenye folda ya gemu na nakala nyingine kwenye AppData, ndani ya Roaming, folda ya RenPy, kwa hiyo hata ukifuta gemu mara nyingi toleo jipya linazikuta. Ila kopi pembeni usizembee.

Na soma orodha ya mabadiliko kabla hujapakua GB tatu kwa bando la simu. Wakati mwingine apdeti ni ya kurekebisha makosa tu, hakuna hata tukio jipya, na wewe umemaliza bando la wiki.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kuuliza "lini?" chini ya kila posti. Developa kashajibu kwenye posti iliyobandikwa juu, hujaisoma. Ukitaka jibu la maana uliza kitu kinachojibika: "Toleo la Android litatoka pamoja na la kompyuta au baadaye?" Hilo anajibu kwa sentensi moja.

Kumtukana. Niliona mtu anamwandikia developa kwa Kiingereza cha kutafsiriwa na mashine, matusi ya nguoni, kisa apdeti imechelewa siku nne. Siku nne! Barabara ya kwenda Dar ilipokatika kule Somanga Mei 2024 parseli za spea zangu zilichelewa kuliko hapo na sikumtukana dereva.

Kupanda daraja ili apdeti iharakishwe. Haiharakishwi. Unapata mapema kilichokwisha tengenezwa, basi.

Kuamini tarehe ya skrinshoti kutoka grupu la Telegram. Nenda kwa developa mwenyewe.

Ikigoma

*Kadi inakataliwa.* Angalia kwanza salio, halafu kama malipo ya nje yamefunguliwa, kadi nyingine huja zimefungwa. Weka zaidi kidogo ya bei iliyoandikwa, maana ubadilishaji wa dola na makato hayaonekani pale mwanzo. Ukijiunga ndani ya app ya iPhone unaweza kukuta bei imepanda kwa sababu Apple wanachukua chao, jiunge kwa brauza.

*Nimelipa, posti bado imefungwa.* Toka, ingia tena. Hakikisha ni imeli ile ile uliyolipia. Kisha linganisha daraja lako na lile lililoandikwa kwenye posti.

*Toleo jipya linakataa kuingia juu ya la zamani.* Kama nafasi ipo, kuna uwezekano developa amebadilisha ufunguo wa kusaini programu, na simu inaona ni gemu ya mtu mwingine. Usikimbilie kufuta. Soma posti, mara nyingi ameeleza jinsi ya kuhamisha sevu, au ametoa sevu ya kuanzia pale apdeti inapoanza.

*Sevu ya zamani inaleta kosa.* Fungua sevu ya nyuma kidogo, ya kabla ya tukio la mwisho. Ikigoma na hiyo, anza upya na bonyeza kuruka maandishi uliyokwisha soma, nusu saa umefika.

*Gemu imepotea kwenye utafutaji.* Si lazima developa awe kakimbia. Julai 2025 itch.io iliziondoa gemu za watu wazima kwenye utafutaji wake kwa shinikizo la kampuni zinazopitisha malipo, na watu wakadhani wameibiwa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza andika sehemu mbili anazopatikana developa wako.

*Kimya.* Hili ndilo gumu. Mimi nina kipimo changu: siku 30 bila posti yoyote nakatisha malipo lakini nabaki kumfuata, siku 90 naihesabu imekufa na nafuta. Mtu akisema naumwa, au nimehama, au kompyuta imeungua, na akasitisha makato ya mashabiki wake kwa mwezi huo, kitufe cha kusitisha wanacho, huyo namsubiri hata mwaka. Anayekaa kimya na makato yanaendelea, zile siku 30 zikiisha simwongezei hata wiki. Hela iliyokwishakatwa, omba kurudishiwa kwa ujumbe mfupi wa adabu kwa developa mwenyewe, ukikosa jibu waandikie huduma kwa wateja wa mtandao husika. Wakati mwingine inarudi, mara nyingi hairudi.

Ukishindwa kabisa njoo kijiweni, ila njoo na zile tarehe tano zimeandikwa kwenye karatasi. Bila karatasi nitakuuzia chaja tu.